Mhandisi Mwenye Nyota Begani: Safari ya Kuwafuata Wajenzi wa Jeshi la Majini la Marekani

Jumatatu, Charlestown, Boston

Watalii wanakimbilia meli. Mimi nimeenda kwenye shimo.

Meli yenyewe ni USS Constitution, ya mbao, iliyoshushwa majini mwaka 1797, na foleni ya kuipanda ilikuwa ndefu tangu asubuhi. Shimo liko hatua chache kutoka hapo. Ni chelezo namba 1, kuta zake za graniti zimepangwa ngazi kwa ngazi kushuka hadi sakafuni. Ukisimama ukingoni unaelewa kazi yake bila kuelezwa. Meli inaingia maji yakiwa yamejaa, lango linafungwa nyuma yake, pampu zinanyonya maji mpaka yanakwisha, na chombo kinabaki kimekaa juu ya magogo, tumbo wazi kwa mafundi. Kabla ya machelezo haya, meli ya vita ya Marekani ilibidi ivutwe mpaka ilale ubavu ndipo chini yake pakwanguliwe na kuzibwa. Kazi hiyo ilichosha watu na kuumiza mbao.

Aliyelichora na kulijenga ni Loammi Baldwin, kati ya 1827 na 1833, kwa mawe yaliyochongwa Quincy, kusini kidogo mwa Boston. Wakati huohuo alikuwa na lingine mkononi kule Virginia. La Virginia likatangulia kwa wiki moja: USS Delaware iliingia humo tarehe 17 Juni 1833, na Constitution ikaingia hili la Boston tarehe 24. Hebu fikiria kusimamia maeneo mawili ya ujenzi yaliyoachana namna hiyo, enzi ambazo habari ilisafiri kwa farasi na kwa tanga. Na shimo halijastaafu. Constitution ililazwa humuhumu kwa matengenezo kuanzia 2015 hadi 2017.

Ila Baldwin hakuwa mwanajeshi. Alikuwa raia, mhandisi wa kukodiwa. Jeshi lilimwita, akajenga, akalipwa, akaenda zake. Mwaka 1842 ikaundwa idara ya kusimamia bandari za kijeshi na machelezo, lakini kwa zaidi ya nusu karne vitini pake walikaa maofisa wa meli, watu wa dira na mizinga. Sheria ya tarehe 2 Machi 1867 ndiyo iliyomruhusu Rais kuwateua wahandisi wa ujenzi ndani ya jeshi, na tarehe hiyo ndiyo maofisa wahandisi wanaiadhimisha mpaka leo. Hata hapo hawakuwa na vyeo. Walingoja hadi 1881, wakapewa vyeo vya kulinganishwa: unahesabiwa sawa na luteni kwa mshahara na kwa nafasi ya kukaa mezani, lakini baharia yeyote akikupuuza huna la kumfanya.

Nimefanya kazi za ujenzi miaka mingi, mara nyingi chini ya mtu mwenye sauti ya mwisho ambaye hajawahi kushika kipimo cha usawa. Kwa hiyo swali lililonitoa nyumbani ni hili: mhandisi alipataje nyota, na alipozipata alizifanyia nini?

Jumanne, Davisville, Rhode Island

Treni ya abiria wa kila siku kutoka Boston inakwenda mpaka Wickford Junction. Kutoka hapo nikachukua teksi. Dereva aliposikia niendako alicheka: "Unakwenda kwa nyuki."

Nyuki yupo kweli, sanamu kubwa nje ya eneo la kumbukumbu, kavaa kofia ya baharia, ana bunduki ya rashasha mkononi, na mikono mingine imeshika spana na nyundo. Ni alama ya batalioni za ujenzi za Jeshi la Majini, zinazoitwa Seabees kwa sababu herufi mbili za kifupi chake kwa Kiingereza, C na B, zikitamkwa pamoja zinatoa sauti ya nyuki wa baharini. Mchoro wa kwanza ulichorwa jirani na hapa, Quonset Point, mwanzoni mwa 1942, na karani raia aitwaye Frank Iafrate ambaye wenzake walimjua kwa kuchora vikatuni. Mwenyewe alisimulia kwamba alifikiria kwanza buku wa mtoni, yule mnyama anayejenga mabwawa kwa miti. Akamwacha aliposoma kwamba akitishwa hukimbia. Nyuki ana shughuli zake, humsumbui hakusumbui, ukimsumbua anauma.

Jengo la makumbusho lilikuwa limefungwa siku hiyo, nikazunguka nje. Hasara haikuwa kubwa, maana nilichokifuata kilikuwa nje: vibanda vya Quonset. Huwezi kuvikosea. Bati la migongo lililokunjwa nusu duara kutoka ardhini hadi ardhini, ukuta na paa ni kitu kimoja, miisho miwili imezibwa kwa mbao. Wazo lilitoka kwa Waingereza, kwenye kibanda alichobuni Peter Nissen wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1941 Jeshi la Majini liliwataka wakandarasi waliokuwa wakijenga kituo cha Quonset Point wabuni kilicho bora zaidi: chepesi, cha kusafirishwa vipande vipande kwenye meli, cha kuunganishwa na watu wasio mafundi.

Toleo la mwanzo lilikuwa na futi 16 kwa 36, na mviringo wake ulianzia sakafuni, kwa hiyo kila aliyesogeza kitanda ukutani aligonga kichwa. Baadaye vikaja vya futi 20 kwa 48. Hapo ndipo kuna kitu ninachokipenda. Mbavu zake za chuma ziliunganishwa kwa kulehemu vipande viwili mgongo kwa mgongo, ukaachwa mwanya mwembamba katikati. Fundi anapigilia msumari kwenye ule mwanya, msumari unapinda ndani na kushika. Yaani chuma kinachopigiliwa misumari! Seremala asiyejua kulehemu wala kufunga boliti anaweza kukifunika kibanda kizima. Vilitengenezwa kati ya 150,000 na 170,000, na baada ya vita vikauzwa kwa raia wakavigeuza nyumba, makanisa na karakana.

Kambi iliyokuwa hapa iliitwa Camp Endicott. Mordecai Endicott ndiye mhandisi wa kwanza kukalia kiti cha ukuu wa idara ile ya machelezo, mwaka 1898, yaani miaka 56 baada ya kuanzishwa. Kwa hesabu za serikali huo si mwendo mbaya.

Jumatano, kwenye treni ya kusini

Siku nzima dirishani. Nilisoma habari za kisiwa cha Wake, na nisingependa kuzisoma tena usiku.

Kabla Marekani haijaingia vitani, Jeshi la Majini lilikuwa linajenga vituo kwenye visiwa vya Pasifiki kwa kutumia makandarasi raia. Wake peke yake kulikuwa na wafanyakazi zaidi ya 1,100. Wajapani walishambulia saa chache baada ya kupiga Pearl Harbor, kituo cha Jeshi la Majini kule Hawaii. Baadhi ya wajenzi walijitolea kubeba risasi na kushika mizinga pamoja na askari wachache waliokuwapo. Kisiwa kilianguka tarehe 23 Desemba 1941. Wengi wa wajenzi walichukuliwa mateka. 98 walibakizwa kufanya kazi, na tarehe 7 Oktoba 1943 wakauawa kwa amri ya kamanda wa Kijapani wa kisiwa, isipokuwa mmoja aliyetoroka, naye akakamatwa na kuuawa baadaye.

Raia anayeshika silaha hana ulinzi anaopewa askari aliyevaa sare. Akikamatwa anaweza kuhesabiwa muasi. Mjenzi wa kituo cha kijeshi, kwa hiyo, alikuwa na njia mbili, akae mikono mitupu adui akija, au apigane na kuhatarisha shingo yake hata akisalimu amri. Tarehe 28 Desemba, siku tano baada ya Wake kuanguka, mkuu wa idara, Ben Moreell, aliandika kuomba batalioni tatu za wajenzi waliovaa sare. Tarehe 5 Januari 1942 akapewa ruhusa ya kuajiri.

Kabla mwezi huo haujaisha kikosi cha kwanza kilikuwa baharini kuelekea Bora Bora kujenga matangi ya mafuta ya meli. Kikosi hicho kilijulikana kwa jina la siri la operesheni, Bobcat. Mvua ya kisiwani ilikula barabara zao kila walipozitengeneza.

Alhamisi, Washington

Asubuhi nilikwenda kutazama jengo ambalo halipo. Kwenye bustani ya Constitution Gardens, kati ya ukuta wa kumbukumbu ya Vietnam na mnara wa Washington, kuna bata, dimbwi na watu wanaokimbia. Hapohapo, kuanzia 1918, yalisimama majengo mawili makubwa ya zege yaliyojengwa na idara ya machelezo kwa ajili ya ofisi za vita. Yalikusudiwa kuwa ya muda. Yakakaa zaidi ya miaka 50; makao makuu ya Jeshi la Majini yakawa humo, na Vita Kuu ya Pili vya baharini vikaendeshwa kutoka kwenye korido zake. Yalibomolewa 1970. Mtu yeyote wa ujenzi anajua hadithi ya banda la muda linalozeeka likiwa linatumika, lakini sidhani kama kuna lililoshinda hili.

Mchana wote nilikuwa makaburi ya Arlington. Pana mlima kidogo na jua lilikuwa kali.

Nilianza na Robert Peary. Watu wanamjua kwa Ncha ya Kaskazini, aliyodai kuifikia tarehe 6 Aprili 1909, dai linalobishaniwa hadi leo. Wachache wanakumbuka kwamba kazi yake ya mshahara ilikuwa mhandisi wa ujenzi wa Jeshi la Majini tangu 1881. Alipima njia ya mfereji uliokusudiwa kukata Nicaragua, na kila safari ya barafuni alikwenda kwa likizo ya kuomba. Baadhi ya maofisa wa meli hawakumwona kuwa mwanamaji halisi, na hata alipokuwa mashuhuri dunia nzima ilihitajika sheria ya Bunge, mwaka 1911, kumpa cheo cha admirali. Kaburi lake ni tufe kubwa la jiwe. Pembeni yake yuko Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwenzake katika safari zile na aliyejua barafu na lugha ya wenyeji kuliko yeye. Henson alifariki 1955 akazikwa New York. Alihamishiwa hapa, kwa heshima za kijeshi, mwaka 1988. Nilikaa kwake muda mrefu kuliko kwa bosi wake.

Moreell naye amezikwa Arlington. Jiwe lake halishangazi mtu. Alizaliwa Salt Lake City mwaka 1892, akasoma uhandisi St. Louis, akaingia jeshini 1917. Orodha ya vituo vyake ndiyo picha nzuri kuliko zote ya maisha ya ofisa mhandisi: visiwa vya Azores wakati wa vita, Haiti, ofisi za Washington, bandari ya Bremerton, kisha Paris mwaka 1932 kusoma zege kwenye shule ya wahandisi wa madaraja na barabara ya Wafaransa, kisha Pearl Harbor kama ofisa wa majengo. Hakuna mapigano humo. Kuna mabomba ya maji, gati linaloliwa na kutu, mkandarasi anayedai nyongeza, ripoti ya bajeti. Desemba 1937 Rais Roosevelt, aliyekuwa amemjua tangu Vita vya Kwanza, alimfanya mkuu wa idara akiwapita waliomzidi umri wa kazi. Moreell akasukuma machelezo mapya makubwa yajengwe Pearl Harbor. Moja liliingiza meli iliyojeruhiwa siku chache tu baada ya shambulio.

Sasa swali langu. Mwaka 1942 Moreell alikuwa na batalioni, na kanuni za jeshi zilisema amri juu ya mabaharia ni ya maofisa wa meli pekee. Maana yake kila batalioni ya wajenzi ingeongozwa na mtu wa meli, na mhandisi angekuwa mshauri wake. Moreell alikataa. Hoja yake ilikuwa ya kazi zaidi kuliko ya heshima: anayeamua wapi mtaro upite, nani apumzike na nani aendelee kumwaga zege usiku, hawezi kuwa tofauti na anayeamuru. Maofisa wa meli walipinga. Jambo likapanda hadi kwa waziri wa Jeshi la Majini, Frank Knox, na tarehe 19 Machi 1942 akaamua kwamba maofisa wahandisi watakuwa na amri kamili juu ya wote walio katika vikosi vya ujenzi. Kutoka ile sheria ya 1867 hadi siku hiyo ni miaka 75.

Mwaka 1946 Moreell akawa ofisa wa kwanza wa tawi lisilo la meli kufikia nyota nne, yaani cheo cha admirali kamili.

Kwenye barabara ya kuingilia Arlington iko sanamu ya Seabees, kazi ya Felix de Weldon yuleyule aliyetengeneza ile ya askari wanaosimamisha bendera Iwo Jima. Ilizinduliwa 1974. Fundi kifua wazi ameshikana mkono na mtoto. Kwa macho yangu ni tamu kupita kiasi. Picha za pembeni za watu wakiwa kazini ni bora kuliko sanamu ya katikati.

Ijumaa, Carderock

Nusu siku tu, na kwa mbali, maana ni eneo la jeshi. Kutoka barabarani unaona paa refu la zege lililopinda, linaendelea na kuendelea. Ndani yake mna madimbwi ya kukokotea vielelezo vya meli ili kupima ukinzani wa maji kabla meli halisi haijajengwa. Mipango ya ujenzi wake ni kati ya kazi za Moreell baada ya kurudi Paris. Reli zinazobeba gari la kukokota hazikulazwa moja kwa moja. Zimefuata mzingo wa dunia, kwa kuwa maji yenyewe yanaufuata, na kwenye dimbwi refu namna hiyo tofauti inapimika. Nilipata furaha ya kitoto kuwaza mpimaji aliyeambiwa, bwana, safari hii usinyooshe.

Jumamosi, Williamsburg

Camp Peary iko nje kidogo ya mji, kando ya mto York, na huingii. Serikali imeifunga kwa shughuli zake nyingine. Niliendesha gari la kukodi mpaka penye mabango ya onyo, nikageuza.

Mwishoni mwa 1942 hapa ndipo pakawa uwanja mkuu wa kuwafunza Seabees. Walioingia mwanzoni walikuwa mafundi waliokomaa, wastani wa umri miaka 37: waendesha tingatinga, maseremala, wapiga mbizi, walipua miamba, mafundi umeme, fani zaidi ya 60. Zege waliijua. Walichofundishwa ni gwaride, bunduki na kupiga saluti. Wanajeshi wa Marines, askari wa kupigana nchi kavu wa upande wa majini, wengi wao vijana wa miaka 18 au 20, walikuwa na utani wao: usimpige Seabee, huenda ni baba wa mmoja wetu.

Na maofisa wao je? Karibu 11,400 waliingia tawi la wahandisi wakati wa vita, na 7,960 kati yao walitumikia na Seabees. Wengi walitoka kwenye kampuni za ujenzi na ofisi za uhandisi, wakapewa sare na wiki chache za mafunzo. Kijana mwenye shahada anapewa kikosi ambacho nyapara wake alianza kujenga mabwawa kabla yeye hajajua kusoma. Kila mhandisi aliyewahi kufika kazini siku ya kwanza na kofia ngumu mpya anaijua hofu hiyo. Tofauti ni kwamba huyu aliruhusiwa kutoa amri.

Alasiri nilikwenda Grove, kusini-mashariki mwa mji. Ardhi ya kambi haikuwa tupu. Palikuwa na kijiji cha Magruder, cha familia za watu weusi waliojijenga baada ya utumwa kukomeshwa. Jeshi lilipochukua ardhi, watu waliondolewa na nyumba zikaenda. Wengi wao walihamia Grove. Barabara, makanisa, uwanja wa shule. Nilinunua maji dukani nikaondoka, sikutaka kumfanya mtu yeyote kielelezo cha safari yangu.

Jumapili, Norfolk

Kivuko cha kwenda Portsmouth ni kifupi na upepo wake mzuri. Chelezo pacha la Baldwin, lile la USS Delaware, liko ndani ya bandari ya kijeshi inayofanya kazi, kwa hiyo nalo sikuliona. Nilifua nguo.

Jumatatu, angani

Pwani moja hadi nyingine. Nililala.

Jumanne, Port Hueneme, California

Treni ya pwani kutoka Los Angeles inasimama Oxnard, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa gari hadi makumbusho ya Seabees, pembeni mwa kambi. Bandari hii ndiyo ilikuwa mlango wa shehena za ujenzi kwenda Pasifiki. Nimekaa humo mpaka wanafunga.

Nianze na sanduku. Kapteni John Laycock, ofisa mhandisi, alikuwa na tatizo la fukwe: meli za kushusha vifaru hukwama mbali na nchi kavu pale maji yanapokuwa mafupi kwa masafa marefu. Jibu lake ni sanduku tupu la chuma, futi 5 kwa 7 kwa 5, lisilopitisha maji, lenye pembe za kufungia boliti. Ukiunga mengi kwa mstari unapata daraja linaloelea. Ukiyaunga kwa upana unapata jahazi la kubebea magari, ukiongeza injini linajiendesha, na ukiyapanga vizuri unapata hata chelezo dogo. Julai 1943 huko Sicily madaraja hayo yaliunganisha meli na ufukwe ambao adui hakudhani unaweza kushukiwa. Mwaka uliofuata yalikuwa Normandy. Ukilitazama unajiuliza kwa nini halikuwapo zamani, na kwa fundi hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Kisha Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki. Batalioni ya 6 ilifika Septemba 1942 ikakuta uwanja wa ndege unaopigwa mabomu kila siku. Walipima shimo la kila aina ya bomu, wakajua linahitaji mchanga na kokoto kiasi gani, wakajaza malori mapema kwa kipimo hicho na kuyaficha kando ya njia ya ndege. Bomu likianguka, lori linakimbia na mzigo uliokwisha kuhesabiwa. Njia ilipowekwa mabamba ya chuma yenye matundu, kila bamba futi 10 kwa inchi 15, kulikuwa na vifurushi vya akiba tayari pembeni. Walijitangazia kwamba watu 100 wanaziba shimo la bomu la ratili 500 ndani ya dakika 40. Kwangu hii ndiyo kazi halisi ya ofisa mhandisi. Kuziba shimo anajua kila mtu. Yeye alikaa chini usiku akahesabu malori.

Kwa ukubwa hakuna kinachofikia Tinian. Mwaka 1944 na 1945 Seabees wapatao 15,000 waligeuza nusu ya kaskazini ya kisiwa kuwa njia nne za ndege, kila moja futi 8,500, kwa tumbawe lililochimbwa palepale. Tarehe 6 Agosti 1945 ndege iliyobeba bomu la Hiroshima iliruka kutoka hapo. Wajenzi hawakuambiwa. Sina la kuongeza, ila nilisimama mbele ya ramani hiyo muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Mzee mmoja wa kujitolea, Seabee mstaafu, aliniona naandika akaja. Tuliongea karibu saa nzima, zaidi kuhusu maluteni. Alisema wapo waliofika na mchoro mkononi wakataka jengo lifanane nao hata kama mwamba umekataa, na wapo waliomwita nyapara pembeni kwanza, wakamsikiliza, halafu wakarudi mbele ya watu na kutoa amri kana kwamba ni yao. Wa pili hao, alisema, uliwafuata popote. Kisha akanipeleka kwenye habari za Ncha ya Kusini. Kituo cha kwanza cha Wamarekani kule kilijengwa kiangazi cha 1956 kuingia 1957, mzigo mwingi ukidondoshwa kwa miavuli, na aliyeongoza ujenzi alikuwa luteni wa daraja la chini, Richard Bowers. Peary angefariki kwa wivu, nikamwambia. Alicheka sana.

Nikamuuliza kuhusu batalioni ya 34. Hakukwepa.

Ilikuwa batalioni ya mafundi weusi chini ya maofisa na manyapara weupe. Walitumikia kusini mwa Pasifiki, wakarudishwa hapa Port Hueneme, Camp Rousseau, kambi iliyopewa jina la ofisa mhandisi aliyekuwa kwenye tume ya kujenga Mfereji wa Panama. Malalamiko yao yalikuwa vyeo: fundi mweusi mwenye ujuzi hapandishwi, analetwa mweupe kutoka nje kumsimamia. Machi 1945 watu wapatao 1,000 waligoma kula, huku wakiendelea kufanya kazi zote walizopangiwa. Hakuna sheria ya kijeshi inayomlazimisha mtu kutafuna. Kamanda aliondolewa na maofisa wakabadilishwa.

Kamanda huyo alikuwa mhandisi. Alikuwa na amri ileile ambayo Moreell aliipigania na Knox akaitoa, na hakuna ofisa wa meli wa kulaumiwa. Mwaka mmoja kabla ya mgomo tawi hilo lilikuwa limempokea ofisa wake wa kwanza mweusi, luteni Edward Swain Hope, kwa hiyo hawezi mtu kusema wazo lilikuwa halijazaliwa.

Hapahapa kambini ndipo ilipo shule ya maofisa wahandisi wa leo. Wanaingia na shahada ya uhandisi au usanifu majengo, wanajifunza mikataba, majengo ya kambi na uongozi wa Seabees, na maisha yao ya kazi yanazunguka kwenye hayo matatu: miaka miwili au mitatu ukisimamia makandarasi, kisha ukitunza umeme na maji ya kituo fulani, kisha batalioni, kisha unarudi chuoni kwa shahada ya pili, kisha mzunguko tena. Wanatarajiwa pia kuwa na leseni ya uhandisi kama mhandisi yeyote wa kiraia. Alama ya kola yao ni matawi mawili ya majani ya mwaloni yaliyopishana, nao wenyewe huyaita ndizi. Mkuu wao, admirali, anaongoza idara iliyorithi ile ya 1842.

Nilimuuliza mzee kama wanafunzi wa shule hiyo huletwa makumbushoni. Huletwa, akasema, na hupenda sana Tinian. Ningekuwa mwalimu wao ningewapitisha haraka Tinian. Ningewasomesha amri ya Knox ya Machi 1942 na ripoti za batalioni ya 34 za Machi 1945 asubuhi moja, kabla hawajapewa hata kibanda cha kujenga.